Nimejitolea kupanga onyesho la chemchemi ya muziki, maji yanabaki nyuma ya wimbo: nianze kurekebisha wapi?

Mchirizi96 ameuliza:

Habari wakuu. Nimejiunga na kikundi cha watu wanaojitolea kupanga maonyesho ya chemchemi ya muziki na nimekabidhiwa wimbo wa kuanzia. Naweka taarifa zote hapa ili mtu asilazimike kukisia.

Wimbo una dakika 3 na sekunde 40, kasi yake ni mapigo 96 kwa dakika, mapigo manne kwa kila fungu. Chemchemi ina pampu 4, zote zina inveta ya kubadili kasi. Nozeli (midomo ya kurushia maji) ni 61: 24 za duara la nje (mdomo wa mm 12, hupanda hadi mita 5), 20 za feni (zinazotandaza maji kwa upana), 16 zinazoyumba kushoto na kulia, na moja kubwa ya katikati inayofika mita 15. Valvu ni za solenoidi, yaani hufunguka na kufungwa kwa umeme. Chini ya maji kuna taa 40 za LED za rangi nne, na kila kitu kinaendeshwa kwa DMX, mfumo wa kutuma amri kwa taa na vifaa vya onyesho. Alama za mapigo naziweka kwa Audacity (programu ya kuhariri sauti), amri nazipanga kwenye xLights (programu ya kupanga maonyesho).

Sekunde 30 za kwanza nikiziangalia kwenye skrini zinaenda sawa na muziki. Kwenye maji kila kitu kinakuja baada ya pigo, tena si kwa kiasi kimoja: ya katikati ndiyo inachelewa zaidi. Duara la nje likifunguliwa lote halifiki hata nusu ya kimo chake. Na kila linapofungwa, bomba linapiga kishindo ambacho watazamaji wanakisikia.

Naomba kujua kuchelewa huku kunapimwaje na kurekebishwaje, kishindo kinatoka wapi, na wimbo mzima unagawanywaje ili usichoshe. Pia, ni mambo gani mtu anayejitolea anapaswa kuyamaliza na wenye chemchemi kabla hajaendelea mbele?

---

ValvuNaNoti amejibu:

Karibu sana mkuu. Nianze na kuchelewa, kwa sababu usipolimaliza hilo, kila utakachopanga baadaye itabidi ukipange upya.

Skrini inakuonyesha wakati amri inapotoka. Mtazamaji anaona wakati maji yanapofika. Katikati kuna vitu viwili: valvu kufunguka (na presha kupanda nyuma yake), halafu safari ya maji hewani. DMX yenyewe haina hatia. Fremu kamili (kifurushi kimoja cha amri) ya chaneli 512 hutumwa takribani mara 44 kwa sekunde, kwa hiyo inakula kama milisekunde 23 tu.

Safari ya hewani ni fizikia tupu. Maji yanayopanda mita 1 hufika kileleni kwa sekunde 0.45, mita 3 kwa 0.78, mita 5 kwa 1.01, mita 10 kwa 1.43, mita 15 kwa 1.75. Hesabu ni kipeuo cha pili cha (kimo mara mbili, ukigawa kwa 9.81). Upinzani wa hewa hubadilisha kidogo, ndiyo maana lazima upime. Tuseme valvu zako zinachukua sekunde 0.3: duara la nje linahitaji kama 1.3 na ya katikati kama 2.05. Kwa kasi ya 96, pigo moja ni sekunde 0.625. Kwa hiyo duara linabaki nyuma mapigo mawili na ya katikati zaidi ya matatu. Hiyo ndiyo tofauti unayoiona, wala hakuna kifaa kibovu.

Namna ya kupima: weka simu kwenye stendi ya miguu mitatu, irekodi fremu 240 kwa sekunde ikiweza, 60 zinatosha ukikosa. Kwenye picha ionekane nozeli pamoja na taa moja ya LED. Tengeneza amri inayowasha taa hiyo na kufungua valvu kwa wakati mmoja. Taa huwaka papo hapo, hivyo ndiyo sifuri yako. Kisha hesabu fremu kutoka taa kuwaka hadi maji kutoka mdomoni, na tena hadi kileleni. Rudia mara tano kwa kila kundi, uchukue namba ya katikati. Fanya hivyo kwa vimo vitatu (chini, wastani, juu), maana robo ya kimo huchukua nusu ya muda. Namba moja kwa kundi haitoshi kama utabadilisha vimo, na utabadilisha.

Angalia pia mpigo wa kwanza baada ya kimya kirefu. Kama bomba kati ya valvu na nozeli linakauka, hewa inatoka kwanza, maji yanatema mate na kuchelewa zaidi ya ulivyopima. Dawa yake ni kuifungua nozeli kidogo sana, kiasi cha maji kuchungulia tu, sekunde mbili au tatu kabla ya mpigo wenyewe.

Sasa, jambo ambalo wengi hawaliamui: ni nini kikutane na pigo? Kwa ngoma na mapigo makali, panga maji *yanapotoka mdomoni*. Jicho linakamata mwanzo. Kwa sauti inayopanda na kutanda, panga *kilele*. Ukichanganya mantiki hizi mbili ndani ya kundi moja kwenye ubeti mmoja, onyesho linaonekana limeyumba hata kama namba zako zote ni sahihi.

Usijaribu kupigisha mita 5 kamili kwa kila pigo ukitegemea maji yarudi chini kwanza. Kwenda na kurudi ni sekunde 2, yaani zaidi ya mapigo matatu. Unachoweza kufanya ni kukata vipande. Valvu ikiwa wazi sekunde 0.2, maji yakitoka kwa karibu mita 10 kwa sekunde, kinaruka kipande cha mita 2, na vipande kadhaa vinaweza kuwa hewani kwa pamoja. Jaribu kwanza, lakini. Solenoidi nyingi hazimalizi kufunguka ndani ya muda huo, na kipande kinatoka kifupi na dhaifu.

Kwenye xLights, chagua hatua ya milisekunde 25, si 50. Pigo lako ni milisekunde 625, sawa na hatua 25 kamili. Ukitumia 50 unapata hatua 12 na nusu, na kila pigo la pili litakuwa limekaa pembeni.

La mwisho ni sauti. Husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Mtazamaji aliye mita 60 kutoka kwenye spika anasikia baada ya sekunde 0.17, na kwa wimbo wako hiyo inazidi robo ya pigo. Chagua sehemu wanayosimama watu wengi, upangie hapo, uiandike kwenye karatasi ya makabidhiano.

---

FundiPampu amejibu:

Nachukua kishindo na kimo.

Kishindo ni maji yaliyokuwa yanakimbia bombani yakisimamishwa ghafla. Kila mita 1 kwa sekunde inayokatwa papo hapo huongeza presha karibu baa 12 kwenye bomba la chuma. Kwenye bomba la plastiki gumu ni kama baa 4, kwa sababu linatanuka kidogo. Ukifunga nozeli 24 kwa fremu moja, bomba kuu linapokea pigo lote kwa mkupuo. Leo ni kelele. Baadaye ni viungo vya bomba kuvuja na pazia la valvu kuchanika, na hapo onyesho linasimama.

Kwa upande wako wa kupanga amri, kuna dawa tatu. Funga kwa zamu: nozeli nne nne, ukiacha sekunde 0.1 hadi 0.2 kati ya kila nne. Watazamaji watalisoma kama wimbi linalozunguka, na mara nyingi linapendeza kuliko kufunga kwa pamoja. Pili, fungua kundi linalofuata *kabla* ya kufunga linaloondoka, ili maji yawe na pa kwenda. Tatu, shusha kasi ya pampu kwanza, ndipo ufunge. Na usiache hata mara moja pampu inazunguka huku valvu zake zote zimefungwa. Kama hakuna njia ya pembeni ya kurudisha maji bwawani, chagua nozeli moja au mbili fupi zibaki wazi muda wote kundi linapofanya kazi.

Ukishusha kasi, kumbuka inveta ina muda wake wa kupanda na kushuka, kwa kawaida sekunde kadhaa. Muulize fundi wa hapo ameuweka kiasi gani. Usimwombe aufupishe kwa ajili ya wimbo mmoja. Aliuweka kwa kuilinda mota na mabomba. Mabadiliko ya haraka yafanye kwa valvu, ya polepole kwa pampu.

Kimo sasa. Mdomo wa mm 12 ukirusha mita 5 unatumia karibu lita 67 kwa dakika. Mara 24 ni lita 1,600 na ushee. Tuseme pampu ya duara hilo inatoa lita 1,000 kwa presha hiyo: inatosha nozeli 15 hivi. Ukifungua 24, kila moja inapata asilimia 62 ya maji, na kwa kuwa kimo hufuata mraba wa kasi, unabaki na mita 2 au zaidi kidogo. Nadhani ndicho unachokiona. Soma kibao kwenye pampu na mchoro wake wa utendaji, ufanye hesabu hii kwa kila kundi kabla ya kupanga chochote. Matokeo yaandike hivi: "duara: 24 kwa mita 2, 15 kwa mita 5". Hiyo ndiyo bajeti yako ya maji.

Ukitaka duara zima lionekane refu, gawanya namba shufwa na witiri, 12 kwa 12. Funga shufwa wakati maji yake bado yanapanda, fungua witiri. Kwa karibu sekunde moja na nusu yote 24 yako hewani, na pampu inalisha 12 tu.

Upepo usiuache nyuma. Maji ya mita 15 hukaa hewani sekunde 3 na nusu. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unaweza kupeleka ukungu wake mita 14 pembeni. Mchirizi mzito hausogei kiasi hicho, ila ukungu ndio unaolowesha spika na watu, na kufanya sakafu iteleze. Chemchemi nyingi zina kipima upepo kinachoshusha vimo vyenyewe. Hapo kuna mtego: kimo kikishuka nusu, muda wa kupanda unashuka hadi asilimia 71. Nozeli uliyoitanguliza kwa mita 10 sasa inafika sekunde 0.4 *kabla* ya pigo. Kwa hiyo tengeneza toleo la pili la wimbo huo huo, la upepo, lenye vimo vya nusu na mitanguliziko yake yenyewe. Halichukui muda kama ulipima vimo vitatu alivyosema ValvuNaNoti.

---

TaaChiniYaMaji amejibu:

Wenzangu wamemaliza mabomba, mimi nizungumzie wimbo na taa.

Funga kompyuta kwanza. Sikiliza wimbo ukiwa na karatasi. Sekunde 220 kwa kasi ya 96 ni mapigo 352, mafungu 88. Chora mstari wa mafungu 88 na uandike juu yake: utangulizi, ubeti, kiitikio, sehemu ambayo ala zinapungua, kiitikio cha mwisho. Chini yake chora mlima mmoja wa nguvu ya wimbo. Kilele cha mlima huo kinakuwa kimoja tu. Nozeli ya mita 15 ni ya hapo. Ukiitoa kwenye kiitikio cha kwanza, huna cha kuwaonyesha watu kwenye cha tatu, na hakuna rangi itakayokuokoa. Mimi ningeificha kabisa hadi sekunde ya 150, kisha niionyeshe fupi mara moja, halafu kamili mwishoni.

Kila kundi lipe sauti yake na usilihamishe ovyo: zinazoyumba zimfuate mwimbaji, feni zifuate vinanda au nyuzi, duara lifuate ngoma. Mtazamaji hajui umepanga hivyo, lakini baada ya ubeti mmoja jicho lake linajua pa kutazama. Usifuate kila ala. Maji yakicheza kila noti yanageuka mvua.

Zinazoyumba zina hila yake. Maji yaliyokwisha kutoka hayageuki. Ukigeuza kichwa cha nozeli haraka, unapata umbo la nyoka. Kwa mchirizi wa mita 4, mwendo wa kwenda na kurudi ndani ya mapigo manne (sekunde 2.5) unaonekana vizuri. Ndani ya mapigo mawili unaanza kuvurugika na maji yanagongana.

Ukimya ndio unaopima mpangaji. Wimbo ukikatika ghafla, wengi hufunga valvu pale pale, na maji ya mita 5 yanaendelea kudondoka kwa kelele ndani ya ule ukimya. Maji yanayotoka mdomoni wakati unafunga yatakaa hewani sekunde 2. Kwa hiyo shusha kimo taratibu kuanzia fungu moja kabla, au funga sekunde 2 na muda wa valvu kabla ya ukimya, ili bwawa liwe limetulia wimbo unaponyamaza. Njia nyingine ni kuzima taa zote hapo hapo: maji yanayoanguka gizani hayaonekani, ingawa yatasikika.

Taa hazihitaji kutangulizwa, kwa sababu zinawaka mara moja. Kosa linaloonekana sana ni kunakili amri ya valvu kwenye taa. Mwanga unawaka juu ya maji matupu na maji yanafika umekwisha kufifia. Taa ianze maji yanapotoka mdomoni, na ipandishwe polepole sambamba na mchirizi.

Maji yaliyochanganyika na hewa, yale meupe, hushika rangi vizuri. Mchirizi laini kama kioo hupitisha mwanga, unang'aa kileleni tu unapovunjika. Bluu na nyekundu nzito zinaonekana hafifu kwa mbali, hivyo usizipe kazi ya kilele. Nyeupe iliyochanganywa na kaharabu kidogo inafika mbali zaidi. Rangi moja ikae mafungu 4 hadi 8, yaani sekunde 10 hadi 20. Thamani ya mwanga ya 128 kati ya 255 macho huiona zaidi ya nusu, kwa hiyo unapofifisha, tumia muda mwingi kwenye namba za chini, la sivyo mwanga utaonekana unakatika ghafla mwishoni. Na kuwasha na kuzima kusizidi mara tatu kwa sekunde. Kuna watu wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na hao wako kwenye umati wowote.

---

MratibuZamu amejibu:

Kuhusu kujitolea kwenyewe. Kazi hii inaweza kubebwa na wanaojitolea kwa miaka mingi. Chemchemi ya muziki ya Grand Haven, jimbo la Michigan huko Marekani, ilijengwa mwaka 1962 na maonyesho yake hupangwa na watu wanaojitolea. Kinachoiwezesha kazi kudumu ni makubaliano yaliyoandikwa, kwa hiyo dai haya mapema.

Haki za muziki ziwe mikononi mwa mwenye chemchemi, si zako: leseni ya kupiga wimbo hadharani, na ruhusa ya kuufupisha kama utaukata. Kununua wimbo mtandaoni hakukupi lolote kati ya hayo.

Pata faili la WAV, na mkubaliane kama sampuli zake za sauti ni 44.1 au 48 kilohezi. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni, na kila programu huusoma kwa namna yake. Unaweza kupanga nyumbani sawa kabisa kisha ukakuta kila kitu kimesogea kwenye mashine ya onyesho. Kama mfumo wao unatumia taimukodi (alama za muda zinazooanisha mashine), uliza ni fremu ngapi kwa sekunde. Faili la 25 likiendeshwa kwenye mashine iliyowekwa 30 litaachana na wimbo taratibu, na utadhani ni valvu.

Usalama haujadiliwi. Hakuna anayetia mkono wala mguu bwawani umeme ukiwa umewashwa, hata kwa kuokota jani. Kabla ya fundi kuingia, swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao yeye. Jua kitufe cha dharura kilipo kabla ya jaribio la kwanza. Na kama mfumo wa kutibu maji haufanyi kazi, onyesho lisiwepo: ukungu unavutwa na watu mapafuni, na maji ya uvuguvugu yasiyotibiwa, kuanzia nyuzi 20 hadi 45, ndiyo bakteria wa legionela wanayoyapenda.

Omba usiku wa majaribio angalau mara tatu kwa wimbo: wa kwanza kupima tu bila muziki, wa pili kwa rasimu, wa tatu kurekebisha. Muda wa kumaliza usiuahidi sasa. Maliza sekunde 30 kikamilifu, hadi kwenye maji, uone zimekula saa ngapi, uzidishe kwa saba na nusu hivi. Hapo ndipo utoe tarehe.

Karatasi ya makabidhiano iwe ukurasa mmoja: urefu wa wimbo, jedwali la kuchelewa na tarehe lilipopimwa, bajeti ya maji ya kila pampu, sehemu ya mtazamaji uliyopangia, na jina la faili la toleo la upepo. Nozeli zikisafishwa au valvu ikibadilishwa, jedwali linapimwa tena.

---

Mchirizi96 amejibu:

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Swali moja limebaki. Wimbo unaanza na sauti ya mwimbaji kwenye sekunde sifuri kabisa, hakuna utangulizi. Nataka zinazoyumba ziwe zimekwisha kupanda anapotoa neno la kwanza. Nitazitanguliza vipi kama hakuna muda kabla yake?

---

ValvuNaNoti amejibu:

Ongeza sekunde 5 za ukimya mwanzoni mwa WAV, upange juu ya faili hilo jipya. Sekunde 2 za kwanza pampu ipande kasi huku nozeli zile fupi zikiwa wazi, inayofuata ilowanishe mabomba ya zinazoyumba, halafu toa amri yenyewe kwa muda uliopima. Taa ziache zimezimwa hadi neno la kwanza. Hakuna atakayeona maandalizi, na mwimbaji akifungua kinywa mwanga unakuta maji tayari yamesimama.

Kama alama za Audacity ulikwisha kuziweka, zisogeze zote sekunde 5 zile zile kabla ya kuzipeleka xLights. Na mwambie anayeendesha onyesho kwamba ukimya huo ni wa makusudi, asiukate.